Zawadi zinazolala bapa sandukuni

Kwetu Unguja mtu hasafiri mikono mitupu. Ukitoka shamba kwenda mjini unabeba mkungu wa ndizi au fenesi. Ukitoka mjini kwenda kwa ndugu walioko Muscat au Uingereza, mtaa mzima unapata habari, na kila aliyepata habari ana kifurushi chake cha "nipelekee". Roho za kutoa tunazo. Kinachogoma ni mzani wa uwanja wa ndege. Tikiti za bei yangu huruhusu sanduku la kilo 23, mara nyingine 30, na sanduku lenyewe, lile gumu la magurudumu manne, likiwa tupu limeshakula kilo nne. Toa nguo, toa viatu vya baridi, toa koti. Kilichobaki ndicho cha kuwagawia kaka, wifi, watoto wao, mama mdogo na mumewe, na yule jirani wa zamani ambaye ukimruka atakusema mpaka Kiyama.

Nilianza kushona zawadi kwa sababu ya mzani huo, ufundi ulikuja baadaye na haukuja wote. Nina cherehani ya kuzungusha kwa mkono niliyoirithi kwa bibi, nina sindano, nina subira ya wastani. Lililonifungulia njia ni swali moja ninalojiuliza kabla sijakata kitambaa: kule ninakokwenda wana nini ambacho kitamalizia kazi yangu? Mito wanayo. Wanga wanao. Pamba ya kujazia wanayo. Unga, sukari na mafuta wanavyo. Karibu kila kitu kizito kinapatikana Milton Keynes anakokaa kaka yangu, na kisichopatikana hapo kiko London. Wanachokikosa ni mkono wa mtu wa kwao. Basi nabeba kazi ya mkono, ujazo naukuta huko huko.

Foronya ndizo zilizonifundisha hili vizuri zaidi. Kanga moja ina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa 110. Mto wa kawaida wa Uingereza ni sentimita 50 kwa 75. Ukiikunja kanga kwa urefu wake ushone foronya nzima kwa kipande kimoja, mgongo na uso, unakosa cha kufunikia mdomo, na mara nyingi jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga, linaangukia nyuma au linakatwa katikati, na kanga iliyokatwa jina inakuwa kitambaa cha maua tu. Kwa hiyo uso nautoa upande wenye jina, na mgongo natia bafta nyeupe. Doti moja inanipa foronya mbili, kila moja na jina lake kamili, na mabaki ya kutosha ambayo nitayasema mbele. Kuna kipimo kimoja cha kuangalia ukiwa bado dukani: jina refu halitoshi kwenye mto. Nafungua kanga juu ya meza ya mwenye duka na kupima kwa shubiri, naye ananitazama kwa jicho la kujua kwamba siku hiyo hatauza haraka.

Kabla ya kukata, fua. Kanga mpya imejaa wanga na rangi ya ziada, hasa nyekundu na nyeusi. Naloweka kwenye maji yenye chumvi kama wazee wanavyofanya, nasuuza mpaka maji yawe meupe, naanika kivulini. Ikishakauka imepungua kidogo na imelainika, na sasa ndipo vipimo vyake vinaaminika. Huko wanafua kwa mashine na maji ya moto. Kanga isiyofuliwa ikishonewa bafta, kufua mara moja tu kunatosha bafta yote kugeuka waridi. Sitii zipu wala vifungo. Mdomo naufunga kwa kitambaa cha kukunjia ndani, sentimita kumi na tano hivi, na foronya ikipigwa pasi inalala bapa kabisa. Unaweza kutandika foronya za familia nzima chini ya sanduku na bado ukaweka nguo zako zote juu.

Jina ndilo linalotaka akili. Wifi yangu ni mtoto wa Mombasa, amelelewa na bibi aliyekuwa na sanduku zima la leso, ndivyo wanavyoita kanga huko, na hakuna kanga inayompita bila kuisoma na kuitafutia aliyekusudiwa. Umpelekee "Hasidi hana sababu" alalie? Usiku mzima atajiuliza hasidi ni nani humo ndani. "Mdhaniaye ndiye kumbe siye" ni maneno mazuri sana ya kuvaa ukienda harusini kwa mtu mnayetupiana vijembe, lakini kwenye kitanda cha mke na mume ni kesi. "Nani kama mama" haina hatari, ila kila mtu ameshapewa. Mimi napendelea zile za dua na za kushukuru, na hata hizo sizikati kabla hazijapita kwa bi mkubwa, mama yangu. Anazisoma polepole, midomo ikichezacheza, kisha anatoa hukumu. "Hii hapana, mwanangu. Atauliza umesikia nini." Nami narudi dukani.

Watoto wa kaka hawasomi kanga. Kiswahili wanakisikia, wanajibu kwa Kiingereza, na zawadi ya nguo kwao ni adhabu. Kwao nashona wanasesere, lakini nawabeba bila tumbo. Mwanasesere wa kitambaa asiyejazwa ni ngozi tu: mikono, miguu, uso uliotariziwa macho na mdomo, gauni la mabaki ya ile ile kanga ya mto wa mama yao, na ushungi mdogo. Ubavuni naacha tundu la vidole vitatu. Tukifika tunakaa sakafuni na soksi zisizo na wenzake, mto mkuukuu uliopasuka, na penseli ya kusukumia, na kila mtoto anajaza wake. Mmoja alimtia wake soksi nyingi sana, akawa na shingo kama ya mbuzi wa Idi, na hakukubali apunguzwe hata moja. Mvulana alikataa mwanasesere katakata, akataka jahazi. Safari iliyofuata nikamchukulia jahazi la kitambaa la vipande vitatu, kiwiliwili cha kitenge cha hudhurungi na tanga la bafta la pembetatu, nalo likajazwa huko. Mlingoti ulikuwa kijiti cha kulia chakula cha Kichina kutoka droo ya jikoni.

Kazi hii ya kujaza ndiyo iliyowafanya wazungumze nami. Mwanzo nilikuwa shangazi wa kwenye simu, uso kwenye kioo kila Ijumaa. Mtu anayekushikia sindano ni mwingine. Nilipotaka kufunga lile tundu la ubavuni msichana aliuliza mshono ule unaitwaje, nikamwonyesha, na kesho yake nilikuta soksi za baba yake zimeshonwa midomo.

Muscat ni habari tofauti, na ukienda na mawazo ya Uingereza utaaibika. Halua usiwapelekee, yetu tuliirithi kwao. Udi umejaa madukani mwao, na ubani bora wa Dhofar wanao mlangoni. Familia nyingi za huko zinazosema Kiswahili zilitoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na nyingine zilirudi Oman kutoka Afrika Mashariki baada ya 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani walioko nje. Wazee wa nyumba hizo hawatamani anasa za Zanzibar. Wanatamani kitu cha kukishika na kukikagua, na wanajua kukagua.

Kwa baba mdogo, mume wa mama mdogo, nashona kofia. Waomani huiita kumma na wanaivaa kila siku na kanzu zao, kwa hiyo kofia kwake haiwi pambo la ukutani. Kofia ya viua inatoboka vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kinazungushiwa uzi, na humo ndimo hewa inamoingia kichwani. Unachora ua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe cha tabaka mbili, kisha unakaa. Wiki zinapita. Za mashine zimejaa madukani kwa bei ya chee, na kwa mbali zinafanana, lakini yeye anaigeuza ndani nje kwanza, ndipo aseme ahsante. Upande wa ndani ndio unaosema kweli.

Kofia ikishaungwa na kutiwa wanga inakuwa boksi. Ukiikunja inavunjika mistari, usipoikunja inataka nafasi ya viatu. Kwa hiyo siiungi nyumbani. Nabeba vipande viwili, kile cha juu cha duara na ukanda wa pembeni, vimefuliwa na kupigwa pasi, vimewekwa katikati ya kurasa za gazeti. Uzito wake sijawahi kuuona kwenye mzani. Kufika kule napima kwenye kichwa chenyewe, naukata ukanda kadiri yake na kuushona na kipande cha juu jioni moja, huku tunapiga soga. Ukipima kwa simu, mtu anakupa kipimo cha kichwa alichokuwa nacho ujanani. Wanga tunaupika jikoni kwa mama mdogo, kofia inachovywa, inakamuliwa kwa viganja, inavishwa bakuli la kadiri yake mpaka ikauke. Sindano na mkasi naviweka kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege, nisibishane na mtu wa ukaguzi juu ya kitu cha shilingi mia tano.

Mama mdogo yeye anaomba shupatu. Mkeka mzima ni mzigo, lakini shupatu, ule utepe mrefu wa ukindu uliosukwa kabla haujashonwa kuwa mkeka, linazungushwa duara na kukaa pembeni mwa sanduku. Anashona mwenyewe, anaupa upana anaoutaka. Kawa, lile la kufunikia chakula, ndilo lililonishinda. Lile umbo lake lililochongoka halikunjiki, halikubali kuwekewa kitu juu, na ukilivaa kichwani uwanja wa ndege watu wanataka picha. Nimeachana nalo.

Vya kula navisema kwa ufupi, maana hapo ndipo sheria inapoingia kati. Uingereza hairuhusu msafiri kutoka kwetu kuingiza nyama wala vitu vya maziwa, kwa hiyo samli ya bi mkubwa inabaki kabatini, na nyama kavu vilevile. Matunda na mboga mbichi nyingi zinataka cheti cha afya ya mimea, na nani atakupa cheti cha kikapu kimoja? Viungo vikavu vinapita. Nachukua hiliki, mdalasini, pilipili manga na uzile, vizima, kidogo kidogo, kwa sababu vizima havipotezi harufu njiani na havifanani na unga wa kutiliwa shaka. Binamu yangu anayekwenda Marekani ana masharti yake: tangu 2018, unga wa aina yoyote unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaweza kuzuiwa, na chochote cha mmea kinatakiwa kutajwa kwenye forodha. Yeye hutaja kila kitu mpaka kipepeo cha mkono cha ukili, wanakiangalia, wanampa, anapita. Kutaja hakumgharimu kitu. Kunyamaza ndiko kwenye faini.

Karafuu ina mambo yake tangu hapa hapa nyumbani. Zanzibar karafuu husafirishwa na shirika la serikali, ZSTC, na kuitorosha kwa magendo ni kosa ambalo watu wanafungwa kwalo. Mtu asikupe gunia akakuambia "ni zawadi tu". Mimi nanunua paketi ndogo za dukani na kuweka risiti, kisha naimimina kwenye vile vifuko ninavyoshona kwa mabaki ya kanga, vya ukubwa wa kiganja, karafuu na vipande vya mdalasini ndani. Vinaning'inizwa kabatini katikati ya makoti. Hivi ndivyo vya majirani, vya wafanyakazi wenzake kaka, vya mwalimu wa watoto, vya yule ambaye hukumtarajia akaja na keki. Kila mtu atoke na kitu. Ningekuwa na kanga moja na siku mbili tu za kujiandaa, ningeshona hivi na kuacha mengine yote.

Udi wa kupika nyumbani nao ni mwepesi ukiubana kuwa visahani vyembamba, na wifi anaupenda kuliko foronya, hata kama hasemi. Lakini waulize kwanza wenye nyumba. Vyumba vya huko vina ving'ora vya moshi darini, na chetezo kimoja cha Ijumaa kinatosha kuwatoa majirani wote nje na nguo za kulalia. Wifi sasa ana chetezo cha umeme, anafukiza ukumbini dirisha likiwa wazi, na kaka anasimama chini ya king'ora akipepea kwa gazeti. Ibada kamili.

Zawadi nyingine nyepesi niliyowahi kubeba ilikuwa daftari. Bi mkubwa ameandika mapishi yake kwa miaka mingi kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili chetu kwa hati aliyofundishwa chuo cha Kurani, kama walivyoandika wengi wa umri wake. Nililinakili lote. Kule Muscat mama mdogo alilifungua akaanza kusoma kwa sauti bila kusita, akacheka kwenye ukurasa wa visheti kwa sababu dada yake alikuwa ameandika pembeni "usimwambie fulani", na huyo fulani ni marehemu sasa, kwa hiyo aliambiwa kila mtu. Nakala ya Milton Keynes ilinibidi niiandike upya, ukurasa wa kulia hati ya bi mkubwa, wa kushoto herufi za kawaida.

Kazi kubwa ikawa vipimo. Bi mkubwa anapima kwa kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne, hilo halina ubishi. Lakini kibaba ni kipimo cha kujaza, na msichana wa kaka anapika kwa mzani wa gramu. Kibaba cha mchele kina uzito wake, cha unga kina wake, na unga uliogongwagongwa kikombeni una mwingine. Nikachukua kibaba chenyewe cha bati cha bi mkubwa, nikaazima mzani wa jirani anayeuza keki, na tukakaa tukipima kimoja kimoja: mchele, unga wa ngano, sukari, choroko. Bi mkubwa alikuwa anajaza, kwa sababu mkono wake ndio kipimo, mimi naandika. Palipoandikwa "chumvi ya kutosha" nilimwomba aitie kwenye kijiko nipime, akatia, akaitazama, akarudisha kidogo. Hicho kidogo alichorudisha nacho nilikipima. Daftari halikufikia uzito wa robo kilo, na ndilo pekee ambalo msichana yule alilitafuta ndani ya sanduku kabla sijavua viatu, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia picha ya ukurasa wa vitumbua.

Maswali ninayoulizwa sana na ndugu wengine wanaosafiri ni ya muda. Wanapata tikiti leo, wanataka kushona kesho. Haiwezekani kwa kofia. Inawezekana kwa vifuko, na kwa foronya kama kanga zimeshafuliwa. Mimi sasa nafua kanga nikizipata, safari iwepo isiwepo, na mabaki nayakunja kwa ukubwa kwenye debe la biskuti. Sikusanyi vitu vya kuwapelekea watu; nakusanya vipimo vyao. Nyuma ya daftari langu nina kichwa cha baba mdogo, mito ya nyumba tatu, urefu wa meza ya kulia ya wifi. Watoto siwapimi, wanabadilika kabla wino haujakauka.

Na mambo haya yana mwendo wa kurudi. Safari ya mwisho mama mdogo alinifungia bahasha ya khaki, nikadhani ni pesa, nikakataa kwa adabu kama inavyotakiwa. Ilikuwa kitambaa cheupe cha tabaka mbili, ua limeshachorwa kwa penseli, ukanda umetobolewa nusu, na uzi wa Muscat umeviringwa kwenye kipande cha karatasi ngumu. Mwanawe anaoa Mfungo Tatu, mwezi wa Idi Kubwa, na macho ya mama mdogo hayalioni tena tundu la sindano usiku. "Malizieni huko," alisema, "kisha umletee, tumpime kichwa akiwa ametulia." Bi mkubwa ameshakagua upande wa ndani na kusema mishono ya dada yake imelegea. Anafumua.